Mashine ya upepo inatema maji ya kutu, na chini ya tangi kuna kitundu. Nichomelee au?

FundiRangi_Raskazone

Wakuu, habari za jioni. Nina karakana ndogo ya rangi za magari hapa Tanga, upande wa Raskazone; kwa miguu mpaka baharini ni dakika tano. Naomba ushauri kwa wanaozijua vizuri mashine za upepo, yaani kompresa, maana wiki hii nimepata hasara na chanzo chake bado sijakielewa.

Mashine yangu ni ya belti, mota ya hospawa 3, tangi la lita 100, inatumia oili. Niliinunua mtumba miaka minne iliyopita. Jumamosi nilikuwa namalizia boneti ya Noah ya mteja, nyeupe ya lulu. Praima ilikaa vizuri, rangi ikakaa vizuri, niko kwenye kliya, ile ya juu ya kung'arisha, mkono wa pili. Bunduki ya kupulizia rangi ikakohoa mara mbili, ikatema. Matone ya kahawia, kama chai ya rangi, yametapakaa juu ya nyeupe. Nimesugua boneti yote nikarudi kwenye praima, na rangi ya pili imetoka mfukoni mwangu.

Baada ya hapo nikalala chini ya tangi na tochi. Koki ya kutolea maji ipo, lakini imeshikana, haizunguki. Sijawahi kuifungua tangu ninunue. Sikujua kama ni kitu cha kufunguliwa. Kama vidole viwili pembeni ya koki, rangi ya tangi imevimba lengelenge. Nikalikwangua kwa ukucha, likadondoka gamba la kutu. Nikapaka povu la sabuni: vipovu vidogo vinatoka polepole kwenye kitundu ambacho hata ncha ya sindano haipiti.

Jirani yangu wa kuchomelea anasema ataziba kwa elfu kumi na tano, kazi ya nusu saa. Mwingine kanishauri nimimine nusu lita ya oili ndani ya tangi, niliviringishe, ati kutu itakoma.

Halafu kuna hili. Dada yangu ana kliniki ndogo ya meno, kompresa yake ni ile isiyotumia oili, tangi la lita 24, haijafika miaka miwili. Muuzaji alimwambia haina oili, kwa hiyo haina matengenezo. Jana nikaenda kufungua koki ya kwake: yakatoka maji ya kahawia karibu kikombe kizima. Yangu ina oili, ina kutu. Yake haina oili, ina kutu. Kutu inatoka wapi basi?

Mchomaji255

Choma tu mkuu. Mimi nimeshaziba matangi matano au sita, yanafanya kazi mpaka leo. Kata kipande cha bati nene, funika pale, zungushia moto. Hela ya tangi jipya nunulia rangi.

Mzee_wa_Gerezani

Kijana, kabla ya kusoma zaidi, nenda kazime hiyo mashine kwenye swichi kuu ya ukutani, kisha fungua mpira wa upepo uutoe wote mpaka geji isome sifuri. Ukimaliza rudi hapa.

Mchomaji255, sikugombezi. Najua unasema unachokiona, na matangi yako hayajakuumiza bado. Ila mimi nimetengeneza mashine za upepo miaka 22, karakana za magari, viwanda, hata za kuchimba visima, na hilo la kuchomelea silikubali hata kwa shilingi mia.

Sikiliza jinsi kile kitundu kilivyo. Ukuta wa tangi la lita 100 mara nyingi ni milimeta 2 mpaka 3 tu. Maji yanakaa chini kabisa, kwenye mstari mmoja unaokwenda urefu wote wa tangi. Kutu inakula mstari huo wote, ila mahali pamoja ndipo panatoboka kwanza. Kwa hiyo ulichokiona kwa povu la sabuni ni mahali ambapo chuma kimeisha. Pembeni yake, kwa upana wa kiganja au zaidi, kuna chuma chembamba kama cha kopo la maziwa ambacho hakijatoboka bado. Fundi akichomelea kiraka, anashikiza bati nene kwenye hicho chembamba, na moto wenyewe unakidhoofisha zaidi ukingoni mwa kiraka. Likipasuka halitapasuka kama kitundu. Litafunguka kama mshono wa gunia. Upepo uliobanwa ni springi; unatoka wote kwa mara moja, na wewe unakuwa umeinama pale unaangalia geji.

Mwaka mmoja niliitwa kwenye banda la kuziba pancha hapa Dar. Sikuitwa kutengeneza, niliitwa kuangalia kilichobaki. Tangi lilikuwa na viraka viwili. Liliachia usiku, mashine ilikuwa imeachwa na umeme, ikajaa yenyewe. Karatasi za bati za paa zilikuwa barabarani. Benchi ambalo vijana hukalia kungojea wateja lilikuwa limekatika katikati, na kwa rehema ya Mungu hapakuwa na mtu. Yule bwana alinionyesha kipande cha tangi, akakikunja kwa mikono miwili. Kwa mikono, kijana.

Sasa kutu inatoka wapi. Inatoka hewani. Hewa ya Tanga, nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, kila meta moja ya ujazo imebeba gramu kama 24 za maji, yako kwa mvuke huyaoni. Mashine inaibana hewa hiyo mpaka presha ya bar 7 kwenye geji, na geji haihesabu bar moja ya hewa ya kawaida, kwa hiyo ujazo unakuwa sehemu moja ya nane. Hewa ikiwa imebanwa hivyo na ikapoa tena ndani ya tangi, haiwezi kushika zaidi ya gramu 4 hivi kati ya zile 24. Gramu 20 zinadondoka chini. Mashine ya hospawa 3 inavuta kama meta 15 za ujazo kwa saa. Piga hesabu: gramu 300 kila saa ambayo pampu inazunguka. Siku ya kazi, pampu ikizunguka saa tatu, una karibu lita nzima ya maji ndani ya tangi. Wewe una miaka minne hujafungua koki.

Maji mengine yalikuwa yanatoka na upepo kwa bunduki, mengine yamekaa. Ndiyo maana ilikohoa: tangi lilishajaa maji kiasi kwamba nafasi ya upepo imepungua, pampu inazunguka mara nyingi zaidi, upepo unatoka wa moto, na wa moto unabeba mvuke mwingi zaidi ambao unapoa kwenye mpira na kwenye bunduki yako.

Na hapo ndipo jibu la yako na ya dada yako lilipo. Maji ni yale yale. Tofauti ni kinachokutana nayo.

Mashine ya oili hupitisha ukungu kidogo wa oili kwenye ringi za pistoni, nao unakwenda na upepo mpaka kwenye tangi. Kuta za juu zinapata utando, zinapona kiasi. Lakini chini, penye maji, oili inaelea juu na chuma kiko chini ya maji. Haukingi kitu pale. Nimefungua matangi ambayo juu yanang'aa kama yamepakwa jana, chini yana magamba ya kujaza bakuli.

Isiyotumia oili haina hata utando huo. Ringi zake ni za tefloni, bearingi zimefungwa na grisi yake humo humo, tangi linapokea hewa na maji peke yake. Ikiwa tangi halikupakwa rangi ya kinga kwa ndani, kutu inaanza siku ya kwanza. Aliyemwambia dada yako haina matengenezo alimaanisha haibadilishwi oili, akaacha kumwambia lililo kubwa. Na asije akashauriwa kuitia oili ili isishike kutu! Oili ikishafika kwenye tefloni inakusanya vumbi, inakuwa msasa, silinda inakwisha.

Kumimina nusu lita ndani ya tangi lako vilevile usifanye. Utapaka rangi na kila panapotua tone la oili panafunguka kijishimo cha duara, unakijua mwenyewe. Na oili nyingi ikikaa pamoja na upepo wa moto wenye presha inaweza kushika moto.

FundiRangi_Raskazone

Shikamoo mzee. Nimezima, geji inasoma sifuri. Asante kwa kuniambia hivyo bila kunizungusha.

Swali: je, pampu na mota vinafaa nikipata tangi jingine? Na kioo cha oili: nimekiangalia sasa hivi, oili si nyeusi wala si ya dhahabu, iko kama chai ya maziwa. Nilikuwa naongeza oili ya injini, ile ninayomwekea mteja kwenye gari.

Mzee_wa_Gerezani

Marahaba.

Hiyo chai ya maziwa ni maji yaliyochanganyika na oili. Inatokea sana kwa mashine inayofanya kazi kwa vipande vifupi: unawasha dakika tano unapuliza vumbi, unazima. Pampu haijapata joto. Mvuke unapita kwenye ringi unashuka kwenye oili, na kwa kuwa pampu haichemki hautoki tena. Hapo krenki, bearingi na silinda zinashika kutu kutoka ndani, na wewe unaangalia tangi tu.

Oili ya injini ya gari ina dawa za kusafisha, kazi yake ni kushika uchafu na maji vielee ndani ya oili mpaka siku ya kumwaga. Kwenye gari ni sawa, injini inachemka. Kwenye mashine ya upepo inashika maji na hayaondoki, tena inaacha masizi magumu kwenye valvu. Tafuta oili ya kompresa, namba ISO VG 100 kwa joto letu, au SAE 30 isiyo na dawa za kusafisha. Mwaga yote ya sasa mashine ikiwa na joto. Tia mpya kidogo, zungusha dakika kumi mfuniko wa upepo ukiwa wazi, mwaga tena, ndiyo utie ya kukaa. Kuanzia hapo badilisha kila miezi mitatu ukiwa kando ya bahari, na ukiona weupe mapema usisubiri tarehe.

Pampu fungua silinda hedi uangalie valvu. Zile bati ndogo nyembamba zikiwa na vidoadoa vya kutu, badilisha. Zikikatika zinadondoka juu ya pistoni. Silinda ikiwa na alama za kahawia zinazofutika kwa kitambaa na oili, imepona. Ikiwa umeona mashimo unayoyahisi kwa ukucha, niambie.

Na mara moja kwa wiki, hata kama huna kazi, iwashe nusu saa upepo ukiwa unatoka kidogo, ichemke barabara.

Baharini_Mvita

Salaam kutoka Mombasa. Huku kwetu Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka tangi la upepo lisafishwe na likaguliwe na mkaguzi aliyeidhinishwa angalau kila miezi 24. Nanyi mna OSHA yenu, wakala wa usalama na afya kazini, waulize kabla ya kununua tangi la mtumba. Tangi lisilo na kibati cha kiwandani chenye presha yake na mwaka wake, sinunui hata nikipewa kwa nusu bei. Jaribio lake ni la maji, si la upepo: linajazwa maji pomoni, hewa yote itoke, kisha lapandishwa presha kupita ile ya kazi. Maji hayabaniki, kwa hivyo likipasuka lavuja tu. Kujaribu tangi bovu kwa upepo ni kujitafutia mauti.

Jingine, ndugu yangu: pale mwanzo wa mashine, chujio la kuvutia hewa, liko upande gani? Mie karakana yangu iko Likoni, na mwanzo nililiweka lielekee kusini. Kusi ikivuma, kuanzia Aprili, hewa yote yaja na chumvi ya mawimbi. Chumvi ikiingia na maji, kutu huenda mbio maradufu. Nikaigeuza mashine, ikavuta hewa ya ndani nyuma ya ukuta, kivulini. Na chujio la sponji silioshi kwa maji ya kisima chetu maana yana chumvi.

FundiRangi_Raskazone

Langu linaangalia mlangoni, na mlango unaangalia bahari. Kesho nageuza.

Bi_Vifaa_Unguja

Asalaam alaykum. Mimi ni fundi wa vifaa tiba, kompresa za meno ndizo kazi yangu ya kila siku, kwa hiyo naongelea ya dada yako.

Mwambie aangalie kompresa imekaa chumba gani. Kliniki nyingi zinaificha kwenye stoo ya usafi kwa sababu ya kelele, hapo hapo penye ndoo ya dawa ya klorini ya kudekia. Mashine inavuta ule mvuke wa klorini pamoja na hewa, unayeyuka kwenye maji ya ndani ya tangi, na hayo si maji tena, yanatafuna. Niliwahi kufungua mashine ya miezi minane ambayo fito za valvu zilikuwa zimekwisha kabisa, na silinda ya aluminiamu imetoa unga mweupe kama chokaa. Kutu ya chuma ni nyekundu, ya aluminiamu ni huo unga. Ukiuona kwenye silinda hedi ujue.

Pili, maji ya kahawia kwenye kliniki si suala la mashine peke yake. Upepo ule unaingia kinywani mwa mgonjwa. Asiendelee kuutumia mpaka tangi liangaliwe ndani. Avue nati kubwa ya pembeni, atie tochi na kioo kidogo cha meno, anacho. Akiona wekundu mwepesi unaofutika, tangi linaweza kuokolewa kwa kutolewa maji kila siku. Akiona magamba, anunue tangi lililopakwa ndani, na achukue na kikausha hewa mara moja.

Tatu, koki ifunguliwe jioni, ikiwa imebaki presha ndogo kama bar 1, polepole. Presha kubwa inarusha maji na magamba usoni. Yakishatoka, aiache koki WAZI usiku kucha. Watu wengi wanafunga mara tu maji yanapoisha. Tangi lililofungwa na unyevu ndani linaoza usiku. Lililo wazi linakauka. Asubuhi anafunga, anawasha. Mimi naandika kwenye plasta nyeupe, nabandika juu ya swichi: FUNGA KOKI KWANZA.

Dereva_Mstaafu

Samahani kuingilia. Vipi kupaka rangi ndani ya tangi hilo hilo? Kuna ile ya tangi la petroli la pikipiki.

Mzee_wa_Gerezani

Kwa tangi jipya au safi, kinga ya ndani ni jambo jema, ipakwe kiwandani. Kwa tangi lililoliwa, rangi inaficha kutu na hairudishi chuma. Inaziba kitundu kwa muda, unaamini limepona, unaongeza presha. Ni kiraka kingine tu.

Fundi rangi, nimesahau moja la maana kwako. Kichujio cha maji usikifunge pale pale kwenye tangi. Pale upepo bado wa moto, maji yako kwa mvuke, yanapita kwenye kichujio kama hakipo, kisha yanageuka matone mbele. Acha meta 7 au 8 za bomba ukutani, lenye mteremko wa kurudi kwenye tangi au kwenda kwenye mguu wa kukusanya maji wenye koki yake chini. Kila unapotoa tawi, lichomoze juu ya bomba kisha likunje kushuka, ili maji yanayotambaa chini ya bomba yasiingie kwenye tawi. Mwisho kabisa, karibu na mpira wa bunduki, ndipo kichujio. Bomba liwe la chuma au shaba. Yale ya plastiki ya maji usitumie, yanapasuka vipande vyenye ncha.

Na tangi jipya liinamishe kidogo, tia kipande cha ubao chini ya miguu ya upande usio na koki. Ubao wa unene wa kidole unatosha.

FundiRangi_Raskazone

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu.

Pampu imepona. Valvu mbili nimebadilisha, silinda ilikuwa na kahawia iliyofutika kama mzee alivyosema. Oili nimemwaga mara mbili. Ya kwanza ilitoka kama maziwa ya mgando, ya pili ikawa na ukungu kidogo, ya sasa naona mpaka upande wa pili wa kioo. Tangi nimepata jipya lenye kibati chake; nimekopa sehemu ya hela kwenye kikundi. Nimechukua na koki ya mpini badala ya ile ya kuzungusha kwa vidole, nikaunga bomba fupi itokeze nje, nisilazimike kulala chini. Jana jioni nilitolea maji kwenye chupa tupu ya soda kwa makusudi: ilijaa robo tatu, kwa siku moja, na mvua za masika hazijaanza.

Ya dada ilikuwa stoo, pembeni ya ndoo ya klorini, kama Bi Vifaa alivyotabiri bila kuiona. Tangi lake lina wekundu unaofutika tu, alhamdulillahi. Imehamia korido, na plasta iko juu ya swichi.

Tangi la zamani sikuliuza zima. Niliogopa mtu ataliona kwenye chakavu, alichomelee, alitumie. Nikalikata kwa urefu na grenda. Nusu ya juu ndani ilikuwa laini, ina utando wa oili, ukipitisha kidole kinateleza. Nusu ya chini kulikuwa na tope jekundu lenye kina cha vifundo viwili vya kidole, na chini ya tope mstari mweusi kutoka mwanzo mpaka mwisho wa tangi, upana wa kiganja changu. Niligonga mstari ule kwa kitako cha bisibisi, pale jirani alipotaka kuweka kiraka. Bisibisi ikapita upande wa pili. Nilimwita jirani mwenyewe aje aone, akachukua bisibisi akajaribu mahali pengine, pakapita vilevile. Akaomba apewe nusu ile ya chini akaitundike kwenye ukuta wa banda lake, na nimempa.